Klachi Iliyokuwa Mbali na Vidole vya Ibtihal

Siku pikipiki ilipoingia kwenye banda la kuku la Bi Tatu, kule Makurunge, Ibtihal alikuwa amevuta klachi kwa nguvu zake zote. Alilisema hilo siku ileile, akalisema kesho yake ofisini, na analisema hadi leo mtu akianza kucheka. Alikuwa amevuta. Shida ni kwamba vidole vyake viliifikia leva kwa ncha tu, na ncha za vidole hazina nguvu ya kuileta leva mpaka mwisho. Kwa hiyo injini na tairi la nyuma, vilivyotakiwa kuachana, vikabaki vimeshikana nusunusu. Pikipiki ikanguruma, ikaruka kama mbuzi aliyekata kamba, ikapita juu ya tuta la matembele na kwenda kulala kwenye mabati ya banda.

Bi Tatu alitoka jikoni na mwiko wake mkononi. "Mwanangu, umekuja kukagua mihogo au kuku?"

"Mihogo, Bi Tatu. Nisamehe sana. Hii klachi itaniua."

"Basi ikuue wewe, wanangu hawa iwaache."

Hakuna kuku aliyekufa. Jogoo mmoja alichechemea siku mbili. Ibtihal aliazima nyundo, akayanyoosha mabati na kuyapigilia upya yeye mwenyewe, huku akinung'unika, kisha ndipo akaenda shambani kuangalia majani ya mihogo yaliyoanza kujikunja.

Kupigilia misumari alikujua tangu utotoni. Baba yake, Zayed, alikuwa na duka la misumari, kamba na bawaba pale Bagamoyo mjini. Kaka zake walipokua walikwenda Muscat wakakaa hukohuko. Ibtihal, kitinda mimba, akasema anakwenda chuo cha kilimo, na shangazi mmoja akauliza kwa upole kama serikali haina kazi nyingine isiyokuwa na matope. Akafanya kazi bara miaka kumi na minne. Mama yake alipoanza kuugua miguu aliomba uhamisho, akarudi nyumbani akiwa na miaka arobaini na mmoja, akapangiwa vijiji vya upande wa Makurunge mpaka Mkange. Wakulima walimwita bibi shamba, na walimheshimu kwa jambo moja kubwa: akisema atakuja Jumanne, alikuja Jumanne.

Kutoka kwa mama yake alikuwa amerithi mikono midogo. Bangili za wasichana wa darasa la saba zilimwenea. Hilo halikuwahi kuwa jambo la kujadiliwa na mtu mpaka siku alipokabidhiwa pikipiki ya kazi.

Aliifurahia mno ile pikipiki. Ilikuwa mpya, ndefu, ila leva ya klachi ilikaa mbali kabisa na mpini wa kushoto, kana kwamba aliyeitengeneza alipima kwa kiganja cha mpiga makasia. Ibtihal alisema siku ya kwanza kwamba haifikii. Akaambiwa atazoea. Alisema wiki ya pili. Akaambiwa atazoea. Baada ya mkasa wa kuku aliamua kwamba imetosha, akaipeleka kwa fundi Muharami, mwenye kibanda chake karibu na stendi.

Muharami aliipanda, akaizungusha uwanjani mara moja, akarudi anatabasamu. "Dada, pikipiki haina tatizo. Mkono wako ndio mfupi."

"Mkono wangu siwezi kuufungua nati, fundi. Fungua huo wa pikipiki."

"Nakukazia waya, itashika vizuri."

Akaukaza waya wa klachi mpaka leva ikawa haina mchezo, ule ulegevu mdogo kabla waya haujavutika, hata kidogo, imesimama wima kama askari. Kwa siku moja mambo yalionekana mazuri, maana hata ukiivuta kidogo tu gia iliingia bila kelele. Siku ya pili Ibtihal akaelekea Mkange. Alipofika kwenye mchanga injini ikapiga kelele kubwa, lakini pikipiki haikwenda. Alivyozidi kuongeza mafuta ndivyo kelele zilivyozidi, na harufu ya kuungua ikampanda puani. Waya uliokazwa kupita kiasi ulikuwa unaivuta klachi muda wote, hata mkono ukiwa haupo, na sahani zake zikawa zinateleza badala ya kushikana. Aliisukuma pikipiki karibu kilomita tatu juani. Wakulima waliomsubiri walikuwa wameshatawanyika. Hiyo ilikuwa Jumanne ya kwanza aliyoikosa.

"Sasa nimekulegezea," Muharami alisema safari ya pili, na kweli alikuwa ameulegeza, mpaka pikipiki ikarudia mruko wake uleule wa Makurunge.

Ofisini mkuu wake, Bwana Hamoudi, alimwita. Alikuwa mtu muungwana, mwenye kunukia udi, na maneno yake mabaya aliyafunga kwenye karatasi nzuri.

"Bi Ibtihal, sisi hatutaki uumie. Tumefikiri pikipiki achukue Ramadhan. Yeye ni mrefu, ataimudu. Wewe utapanda bodaboda ukiwa na safari."

"Ramadhan ana vijiji viwili, vyote vya kando ya lami. Mimi nina tisa."

"Lakini hii yako inakushinda."

"Hainishindi. Imefungwa vibaya. Hivyo ni vitu viwili, Bwana Hamoudi."

Akampa wiki moja ya kuirekebisha. Ibtihal alitoka mle ndani masikio yakimwaka. Angeambiwa hajui kazi, angejitetea kwa kazi. Lakini mtu anajitetea vipi kwa urefu wa vidole?

Akarudi kwa Muharami, kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Safari hii fundi alikuja na wazo jipya: aipinde leva, iingie ndani kuelekea kwenye mpini. Alichomeka kipande cha bomba kwenye ncha yake.

"Fundi, itakatika hiyo."

"Haikatiki."

"Ni aluminiamu."

"Dada, mimi nimeanza kazi hii wewe uko—" na leva ikakatika, tap, ikabaki ndani ya bomba.

Muharami alikikung'uta kipande kutoka ndani ya bomba. "Ilikuwa dhaifu," alisema.

Ibtihal alihisi kwamba akifungua kinywa atasema jambo ambalo mama yake angelisikia kutoka nyumbani. Alikichukua kile kipande, akakitia mkobani, akatembea kwa miguu hadi dukani kwa Mama Vimla.

Mama Vimla alikuwa mjane wa Kihindi mwenye umri wa miaka sitini na kitu, aliyeuza vipuri vya pikipiki kwenye duka la marehemu mumewe. Hakuwahi kupanda pikipiki maishani, ila hakuna boksi mle dukani ambalo hakujua kilichomo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe si binti wa Zayed wa misumari? Nani kakuudhi?"

Ibtihal akamwaga yote: kuku, mchanga, bomba. Mama Vimla alisikiliza, kisha akasema, "Weka mkono hapa." Akaweka na wake pembeni juu ya kaunta. Ilikuwa sawasawa. Akacheka kidogo. "Wanaume wanatengeneza vitu, halafu wanatuambia tuzoee."

Alipanda ngazi, akashuka na boksi lenye vumbi. Ndani mlikuwa na leva fupi pamoja na kishikizo chake cha kufungia kwenye usukani, na kwenye shina la leva palikuwa na skrubu ndogo. "Hii unaikaza, leva inasogea karibu na mpini. Unailegeza, inakwenda mbali. Ilikuja ya pikipiki nyingine, lakini usukani ni unene uleule na kichwa cha waya kinaingia, nimeshawauzia watu. Huyo fundi wako anachanganya. Leva kuwa karibu ni jambo moja. Klachi kushika mapema au kuchelewa ni jambo la pili. Unashughulikia la kwanza kwanza."

"Kwa nini hakuna mtu aliyeniambia?"

"Uliuliza dukani?"

Hakuuliza. Jambo hilo lilimkera kuliko yote.

Muharami hakupewa kazi hiyo tena. Ibtihal aliomba pikipiki isukumwe mpaka barazani kwa Mama Vimla, akaazima spana na bisibisi, akajifunga khanga kiunoni. Alifunga kishikizo kipya, akakiinamisha kidogo ili kifundo cha mkono kisipinde. Akaikaza ile skrubu mpaka vidole vyake vikaizunguka leva kwenye pingili ya pili, si kwa ncha. Akakaa kitini akaivuta, akaiachia, akaivuta. Alitaka kulia kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Kisha akaweka stendi kubwa, tairi la nyuma likawa hewani, akawasha, akavuta klachi na kutia gia ya kwanza. Tairi likazunguka kwa kasi kama hajavuta kitu.

"Aah! Jamani, nini tena?"

Leva ilikuwa sasa karibu na mpini, hivyo safari yake ilikuwa fupi, na waya ulihitaji kukazwa kufuatana nayo. Alizungusha nati ya juu, ile ya kwenye leva, mpaka ikaishia, na bado tairi lilizunguka. Akaketi chini kwenye sakafu akiwa amechoka, akaufuata waya kwa macho kutoka kwenye usukani mpaka kwenye injini, na kule chini akaona nati nyingine mbili zimebana. Hakuna aliyewahi kuzigusa. Zilikuwa na udongo wa njia nzima, tangu kiwandani mpaka Mkange. Akairudisha ya juu katikati, akaenda kulegeza za chini, akaunguza kidole kwenye bomba la moshi, akatukana kwa Kiarabu, akaomba radhi kwa Mama Vimla.

"Sikusikia kitu," alisema Mama Vimla.

Aliukaza waya kidogo kwa nati hizo, akajaribu. Akakaza tena kidogo. Mara ya sita, alipovuta klachi, tairi lilizunguka kwa uvivu na alipoligusa kwa soli ya kiatu likasimama. Alipoiachia leva alipima mchezo wake kwa sarafu: sarafu ilipita kwenye upenyo wa shina la leva, bila kulazimishwa. Hapo klachi haikuvutwa wakati hajaigusa, na ilipovutwa iliachia kabisa kabla ya kufika kwenye mpini.

Aliiendesha mpaka ofisini akazunguka uwanja wote kwa gia ya kwanza, polepole kama anayembeleza mtoto, akasimama mbele ya dirisha la Bwana Hamoudi, klachi ameivuta, gia imo, pikipiki imetulia tuli. Bwana Hamoudi alichungulia, akainua mkono, akarudi kwenye karatasi zake. Habari ya Ramadhan haikuzungumzwa tena. Wala hakuna aliyesema samahani.

Jumanne iliyofuata alifika Mkange mapema. Muuguzi wa zahanati, Zeyana, msichana mdogo mwenye pikipiki ya kazi aliyoogopa kuipanda, aliiona ile leva akaishika, na macho yakamtoka. Wiki ya pili Zeyana alikuja na mwalimu mmoja wa kike. Wiki ya tatu wakawa wanne, na pikipiki zao zimepangwa mstari chini ya paa la ofisi ya kijiji, wakati wakulima wanasubiri na majani yao ya mihogo mikononi.

"Jamani, mimi ni bibi shamba!" Ibtihal aliwaambia. "Mimi nimekuja kwa ajili ya mihogo!"

Hakuna aliyeondoka. Alivuta pumzi, akatazama saa, akatoa spana mkobani na kumwekea Zeyana kiganjani.

"Haya, chuchumaa hapa. Fungua mwenyewe, mimi nakuangalia. Si huko, huko ni breki."