Sinia la Kwanza la Shangazi Mwanahawa

Shangazi yangu Mwanahawa alipimwa mara tatu kwenye mizani ya korosho ya Mrisho, pale ghalani nyuma ya stendi ya Kibiti. Zahanati ilikuwa na mizani ya kuning'inizia watoto wachanga tu. Mtu mzima aliyeambiwa na daktari apunguze mwili hakuwa na pengine pa kujua kama amepungua. Mara ya kwanza mshale ulisimama kwenye tisini na tano.

"Ongeza tatu," shangazi alimwambia Mrisho.

"Za nini, mama?"

"Mizani yako inaiba kilo tatu kila gunia, na Kibiti nzima inajua. Mimi sikuja kuuza. Nipe zangu zote."

Mrisho alicheka huku akitazama mlangoni, asije akawa amesikiwa na mkulima. Nikaandika tisini na nane kwenye daftari. Ilikuwa mwaka tisini na tano, wiki mbili baada ya Idi ya kuchinja. Siku ya Idi hiyo shangazi alikuwa ameanguka kando ya sufuria la pilau, mwiko mkononi, nikamkimbiza hospitali kwa gari la mkaa. Daktari alipima mkojo, akapima damu, akasema ni sukari na presha, na vyote viwili vimekaa siku nyingi.

"Vidonge nitakupa," alimwambia. "Lakini ukiendelea kula hizi sikukuu zenu kama unavyozila, vidonge havitakusaidia kitu. Punguza mwili, na ukishaupunguza usiurudishe. Ukipata kidonda mguuni usikae nacho hata siku moja."

Ilikuwa rahisi kusema. Shangazi alikuwa mpishi wa shughuli. Kuanzia Bungu mpaka Ikwiriri, harusi isiyopikwa na Mwanahawa watu waliihesabu kuwa ya kubahatisha. Na mpishi kwetu huchaguliwa kwa macho. Akina mama wakimtazama shingo yenye mikunjo, mikono iliyojaa, wanasema: huyu chakula chake kinakaa mwilini. Ule mwili ndio uliomlisha yeye na binti yake Sabra tangu mumewe, Mshamu, dereva wa lori, alipokufa kwa kifua.

Tena kulikuwa na sinia la kwanza. Kwetu chakula cha shughuli hakiguswi mpaka mpishi mwenyewe afungue. Anakaa kwenye jamvi katikati ya ua, wanawake wote wanamwona, anatengewa sinia lake, analila. Kuonja peke yake hakutoshi. Anakula mpaka chini ya sinia kuonekane, kisha anasema bismillahi zenu, na wengine wananawa. Wazee wanasema ilianza zamani, watu walipoogopana kwa sumu na husuda. Mpishi asiyekula alichopika anajua alichokitia.

Zamani hizo sinia lilikuwa la wali wa nazi na kambale, mara chache kwa mwaka. Mimi mwenyewe nakumbuka foleni za duka la ushirika, sukari robo kilo kwa kadi, na Idi yenye vitumbua vitatu kwa kila mtoto. Halafu soko likafunguliwa. Korosho zikapata wanunuzi wengi na bei, na madukani yakaingia madumu ya mafuta, magunia ya sukari, kreti za soda mpaka darini. Nani angetulaumu? Watu waliokuwa wamenyimwa miaka kumi walikula kama wanaolipiza kisasi. Pilau ikawa haina sifa mpaka mafuta yafike kwenye viwiko. Shughuli ya siku moja ikawa ya siku nne. Wakubwa waliotufungulia maduka hawakutujengea hata chumba kimoja cha kupimia sukari. Hospitalini, ambako zamani tulitibiwa bure, sasa ukawa unaanza kwa kuchangia gharama mlangoni, kabla hujamwambia mtu unaumwa nini.

Lakini shangazi alikuwa mtu wa shabaha. Alipoamua, aliamua. Aliacha chai ya sukari siku moja tu, asubuhi, bila maneno. Kula yake ikawa mchicha, kisamvu kisichotiwa nazi, perege wa kuchemsha na kipande cha ugali kama ngumi ya mtoto. Alipokuwa akipika kwa watu aliweka karafuu chini ya ulimi ili asionje ovyo, na chumvi akamwachia Sabra. Kwenda shambani aliacha kupanda baiskeli za vijana, akawa anatembea. Shughuli za miezi ile zilikuwa chache na ndogo, hitima na arobaini. Sinia la kwanza akalila na Sabra, Sabra akimeza, yeye akitafuna taratibu. Watu hawakuona, au waliona wakaweka akiba.

Januari, siku chache kabla ya Ramadhani, tulirudi kwa Mrisho. Mshale ulisimama kwenye sabini na nane.

"Ongeza tatu," shangazi akasema mwenyewe, akacheka mpaka machozi. Kilo kumi na saba zilikuwa zimeondoka. Aliniambia anainama kufunga kuni bila kuhema. Siku ile nilimwona shangazi yangu akiwa kijana kwa mara ya kwanza.

Na siku ile ile, tukipita kwa wauza samaki, mwanamke mmoja alimwangalia kuanzia kisogoni mpaka visiginoni, akamgusa mwenzake. Nilimsikia. "Anakwisha yule. Si mumewe alikuwa wa magari?"

Miaka ile hukuhitaji kumalizia sentensi. Tulikuwa tunazika vijana kila mwezi, wembamba kama fito, na ugonjwa wenyewe hatuutaji jina. Tulisema fulani amekanyaga miwaya, tukanyamaza. Basi mtu akipungua, watu hawakuuliza anakula nini. Walihesabu miaka tangu mumewe afe, wakapata jibu.

Ramadhani ilipofika katikati, harusi mbili za Mfungo Mosi zilikuwa zimemkimbia. Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Idi, ndio mwezi wetu wa kuoa. Mpishi anaishi mwaka mzima kwa mwezi huo. Wa kwanza alituma mtoto kusema wamepata ndugu wa kupika. Wa pili hakutuma mtu.

Hapo nikafanya kosa ambalo mpaka leo sijajisamehe. Siku ya Idi, baada ya swala, watu wakiwa bado wamekaa uwanjani, nilisimama. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, niliamini kwamba ukweli ukisemwa kwa sauti unatosha. Nikawaambia shangazi yangu Mwanahawa ana ugonjwa wa sukari, hana ugonjwa mwingine, kapungua kwa amri ya daktari, na wao wote wanaotia vikombe vya sukari kwenye chai ingefaa wampe hongera badala ya kumsengenya. Nikataja hata kilo.

Walinisikiliza kwa adabu. Kisha mzee mmoja wa safu ya mbele akauliza taratibu, "Mwalimu, kwani nani amesema ana ugonjwa mwingine?"

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Jioni hiyo Tabu alikuja. Tabu ni jirani wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa anamwoza binti yake Zaitun wiki hiyo hiyo, na walishapatana na shangazi tangu msimu wa korosho. Alikaa kwenye kibao, hakushika kikombe cha chai alichotengewa.

"Mwenzangu," alisema, "mimi sina neno. Neno wanalo watu."

"Waseme," shangazi akajibu. "Midomo ni yao."

"Na harusi ni yangu! Wakwe wanatoka Ngorongo, watu wazito, wamechukua basi zima. Nikikuweka jikoni halafu wakaacha chakula, nitauweka wapi uso wangu?"

"Sasa umekuja kunifukuza au kunishauri?"

"Nimekuja kukuomba, Mwanahawa. Upike. Ila sinia la kwanza ulile peke yako, bila kusaidiwa na Sabra. Ulile kama zamani, lote, na soda juu yake, watu wakuone. Siku zote nne. Ukila hivyo midomo itafungwa, na nani tena atakukataa? Mgonjwa wa ule ugonjwa hali pilau."

Mimi nikadakia. Nikamwambia Mama Zaitun anamwomba mwenzake anywe sumu. Akanigeukia.

"Wewe kaa kimya. Umeshamtangaza uwanjani, umebakiza nini? Tafuta tarumbeta!"

Alipoondoka nilimsihi shangazi. Nilisema tutakwenda Dar es Salaam apimwe damu, tutaleta cheti.

"Cheti?" akaniuliza. "Nikivae shingoni kama kengele ya mbuzi? Mwanangu, wasiojua kusoma watasema kimeandikwa ninacho, wanaojua watasema nimekinunua."

"Basi acha kupika."

"Nikiacha kupika mimi ni nani? Na Sabra nani atakuja kumposa, binti wa mama aliyekwisha?"

Nilikuwa na hasira tu, na hasira haimwozi mtu binti.

Harusi ya Zaitun niliiona yote kupitia uwazi wa ukuta wa makuti. Shangazi alikaa kwenye jamvi, kanga mpya, hina mikononi. Sinia likaletwa limepandishwa kama kilima, juu yake vipande vya nyama vya mafuta na ndizi mbivu. Wanawake wakanyamaza kabisa. Hawakula wala hawakuongea, walihesabu matonge. Alikula nusu, akapumzika, akashusha pumzi, akaendelea. Sabra alikuwa amesimama nyuma yake ameuma upindo wa kanga. Chini ya sinia kulipoonekana alikunywa soda chupa nzima bila kuishusha, akasema, "Bismillahi zenu."

Ua mzima ukalipuka kwa vigelegele. Tabu alicheza. "Nani kasema? Nani kasema?" alikuwa anaimba, na wale wale waliosema wakamwitikia.

Siku nne. Na baada ya Zaitun, wale waliomkimbia wakarudi kwa aibu na kilo za mchele, na wengine wakaja. Harusi sita kwa Mfungo Mosi ule, halafu shughuli za Mfungo Pili, halafu Idi ya kuchinja. Kila ua ulitaka kuona kwa macho yake. Kujithibitisha hakukuwa kwa mara moja, kulikuwa kwa kila sinia. Wakimwona njiani wanashika nyama ya mkono wake wanasema, "Mashallah, umerudi!" Nyumbani alilala amekaa kwa sababu ya kuhema. Usiku alikwenda haja mara saba, alikunywa maji ndoo nzima, na vidonge alivimeza viwili viwili kama vitashindana na soda.

Mara ya tatu kwenye mizani nilimlazimisha. Mshale ulisimama kwenye tisini na tatu. Mrisho, ambaye si mtu mbaya, alisema kwa utani, "Niongeze tatu, mama?"

"Acha," akasema. "Safari hii iba."

Wiki moja baadaye alikuwa akipika Bungu kwa kuni za mkoko zilizotoka Nyamisati, zile ambazo kaa lake halifi upesi. Sabra ndiye aliyesikia harufu. Alidhani ni ngozi ya mbuzi. Shangazi alikuwa amesimama juu ya kaa la moto kwa kisigino, anakoroga, anazungumza, hana habari. Mguu ulikuwa umeshakufa ganzi. Alifunga kitambaa, akamaliza kupika, akafungua sinia. Siku iliyofuata kulikuwa na shughuli nyingine, na siku ya pili yake nyingine tena. Mimi nilikuwa kwenye semina ya walimu. Niliporudi mguu ulikuwa mweusi mpaka kwenye kifundo, na hospitalini walisema ukatwe juu ya goti. Hakufika kwenye kukatwa.

Waliomwosha ni Tabu na wenzake. Nilikaa nje ya pazia nikiwasikia wakimwaga maji. Tabu alitoka macho mekundu, analia kweli, akaja akanishika mikono yote miwili.

"Tushukuru Mungu, baba," aliniambia. "Kafa na mwili wake. Hakuna wa kumsema."

Kwenye arobaini Sabra alipika. Alikuwa na miaka ishirini, mwembamba kwa maumbile, kama baba yake. Sinia la kwanza likatengwa, ua ukanyamaza, na Tabu, kwa huruma ya kweli, akasema, "Kula, mwanangu. Kula vizuri, watu wakuone."

Sabra alinawa. Alichukua tonge moja, akalila, akanyanyuka.

"Chakula kizuri," alisema. "Anayeogopa asile."

Walikula. Masinia thelathini yalirudi jikoni yamelambwa, na kreti za soda zikaisha kabla ya alasiri. Ila tangu siku ile, Kibiti yote mpaka Ikwiriri, hakuna aliyemwita tena kupika. Anauza vitumbua stendi, kwa abiria wa mabasi ya kusini. Hao hawamjui, wanakula.