Nilivyodumaza bangi ya roommate wangu kwa ujuzi wa sukuma wiki

Wakuu, heshima zenu. Hapa siongezi chumvi, na aibu yote ni yangu.

Mwaka jana, 2015, nilikuwa nasoma Columbus, Ohio, nikikaa kitongoji cha Gahanna na Bahati, Mkongo aliyebeba mizigo warehouse. Mgongo ulimsumbua, akaagiza mbegu tatu za bangi aina ya autoflower. Hiyo siku zake zikifika hutoa maua, iwe ndefu au fupi.

Ohio bangi ilikuwa haramu, lakini Bahati hakuhofia polisi. Alimhofia mama yake, kiongozi wa maombi kule Louisville, aliyeapa kwamba akisikia upuuzi wowote atamrudisha nyumbani kwake.

Mimi nikajitia mkulima. Mtoto wa wakulima wa Kinangop nishindwe na miche mitatu?

Bahati alisema zipandwe moja kwa moja kwenye ndoo kubwa. Nikamcheka. Nikaweka kitalu kwenye kopo, miche ikatoka, nikaing'oa na kuipandikiza kwenye vikombe. Baada ya wiki nikaihamishia kwenye ndoo. Halafu nikachuma majani ya chini. Si sukuma hufanywa hivyo?

Mwezi ulipoisha ilikuwa na urefu wa kidole na tayari inatoa maua. Yaani vitoto vyenye ndevu. Bahati alininunia siku mbili.

Jumamosi mama yake akaja bila kupiga simu, akaenda moja kwa moja dirishani zilipokuwa ndoo.

"Hii ni nini?"

"Maua ya mwalimu wangu, mama," nikadanganya.

Akagusa udongo. Huyo mama amelima Kivu miaka mingi.

"Muliihamisha mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Donc ndiyo sababu imedumaa. Bangi ya jirani yetu kule Uvira ilikuwa inafika kwenye paa." Akamgeukia mwanawe. "Bahati, funga sanduku. Tunaenda Louisville."

Nikajifanya mjanja. "Mama, ukimhamisha si naye atadumaa?"

"Miye nilihamishwa Uvira, nikahamishwa Kigoma, nikahamishwa Buffalo. Niko mufupi?"

Wakuu, mama huyo hanifikii begani. Nikajibu hapana, mama, na macho nikayashusha chini.

Bahati akaondoka naye. Nilijisikia vibaya sana.

Nilichojifunza: autoflower ipande pale itakapomalizia maisha yake. Ukiijeruhi mizizi haina muda wa kupona, maua hayaisubiri. Na mwenye mbegu akikuelekeza, msikilize.

Tiririkeni hapa chini. Na kama kuna anayejua namna ya kumlainisha mama wa Kikongo, aniandikie, maana Bahati bado yuko Louisville na kila jioni anaongoza pambio.