Nzi wa Ubaoni

Nahau, yaani sarufi, nilifundishwa kwa mtu mmoja kumpiga mwenzake. Katika vitabu vyetu vya Kiarabu habari zote za mtenda na mtendwa huonyeshwa kwa kipigo hicho, na kwa miaka yote niliyokaa mkekani sikumsikia mwanafunzi hata mmoja akiuliza yule maskini amekosa nini. Kwetu sisi tuliosoma hivyo, mfano hauna habari ndani yake. Ni msumari wa kutundikia kanuni. Kwa imani hiyo niliandika nzi ubaoni, kijijini kwetu Olumbi, kusini mwa mto Ruvuma, mbele ya kina mama.

Darasa lilikuwa la watu wazima, baada ya alasiri, barazani kwetu. Tangu watu warudi makwao kutoka walikokimbilia vita, wengi wana ndugu waliobakia mjini Pemba au ng'ambo ya Ruvuma, na kina mama walikuwa wamechoka kuwabembeleza wajukuu wawaandikie ujumbe wa simu, kwani mjukuu huandika anachotaka yeye. Kurani waliisoma tangu utotoni. Walichokosa ni herufi za simu. Nikawafundisha herufi, na kwa kuwa siwezi kupita karibu na nahau bila kuingia, nikawafundisha na nahau.

Neno "nzi" nililichagua kwa sababu za kitaalamu kabisa. Halibadiliki: mmoja ni nzi, elfu ni nzi. Idadi yao huijui mpaka kitenzi kifike. Nzi ametua, ni mmoja. Nzi wametua, ni kundi. Hapo mwanafunzi huona jinsi silabi moja ndogo inavyobeba mzigo ambao nomino imekataa kuubeba. Na kwa kuwa tulikuwa tumetoka kwenye maneno ya ki- na vi-, sentensi niliimalizia kwa neno la huko:

Nzi wametua kwenye kitumbua.

Waliisoma mara ya kwanza kwa kusitasita, mara ya pili vizuri, na mara ya tatu kwa furaha iliyopaswa kunitia shaka. Nikawaagiza wakaisome nyumbani.

Sasa, Olumbi kitumbua kina mwenyewe. Upande wetu wa barabara anayevipika ni mmoja tu, naye ni mwanafunzi wangu, wa kukaa mbele kabisa. Siku ile hakuja. Alikuwa akitwanga mchele wake. Mimi jambo hilo lilinipita. Wenzake halikuwapita.

Asubuhi yake alinipigia hodi akiwa na beseni kichwani. Akalitua miguuni pangu, akafunua kitambaa. Lilikuwa limejaa vitumbua pomoni.

"Asalaam aleikum, mwalimu. Nimekuletea nzi wako."

"Waaleikum salaam, mama. Nzi gani?"

"Mimi nitajuaje? Aliyewaona ni wewe. Watafute humo."

Nilimweleza kwa utaratibu. Nilimwambia kwamba mfano si habari. Kwamba kitumbua cha ubaoni hakikupikwa na mtu. Kwamba hata wale nzi si nzi, ni nomino. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu aliyolelewa nayo.

"Mwalimu, ukiandika pale 'mwizi ameingia msikitini', watu hawatatafuta viatu vyao?"

Nikavitupia jicho viatu vyangu mlangoni.

Ndipo aliponiambia linalomuuma. Ijumaa wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa na akika ya mjukuu, na na vitumbua vya shughuli walikwishaagana kwamba atavipika yeye. Wifi huyo naye husoma kwangu. Jioni ile alizunguka na sentensi yangu nyumba kwa nyumba, akiisoma kama tangazo la serikali, na kulipokucha akamtumia ujumbe wa kwanza alioweza kuuandika kwa mkono wake mwenyewe: nafikiria mikate.

"Umemfundisha siku zote hizo," akasema, "na neno la kwanza kuandika ndilo hilo. Akika ya wifi yangu iliwe mikate, nani atanunua kwangu tena?"

Nilitamani kuuliza kama "nafikiria" iliandikwa kwa r au kwa l, lakini haukuwa wakati wake.

Alasiri walikuja wote, hata wale wanaoumwa vichwa siku za imla. Mwenye vitumbua alikaa mbele. Wifi yake alikaa nyuma yake, kapulana kiunoni ameifunga vizuri kama anayekwenda ngomani.

"Tutasahihisha sentensi ya jana," nikasema.

"Mpunguzie, mwalimu," akasema wifi. "Mwandikie mmoja. Nzi mmoja kila nyumba inaye."

Nikafuta wa-, nikaandika a-.

"Mmoja ndiye anayewaita wenziwe!" sauti ikatoka nyuma.

"Ondoa," akasema mwenye vitumbua. "Andika hawajatua."

Uaminifu wa elimu ulinilazimu kumwonya. Hawajatua maana yake ni bado. Silabi -ja- inamwacha nzi njiani, na wenyeji wanamtarajia.

"Wako njiani, kijiji cha Mute, wanakuja!" wifi akapiga makofi. "Ijumaa watakuwa wamefika."

Nikajaribu hawakutua, nikaeleza kwamba hiyo inakanusha jana tu, na juu ya leo haisemi kitu. Hapo nikafikia lile nililolitaka, kanusho la daima, nikaliandika kwa ridhaa kubwa: Nzi hawatui kwenye kitumbua. Mwenye vitumbua akatikisa kichwa kukubali. Nilidhani tumefika.

Wifi akasimama.

"Jamani. Nzi anatua jalalani, anatua kwenye utumbo wa samaki, anatua puani mwa mwalimu akisinzia. Kitumbua cha wifi yangu amekikataa. Kina nini?"

Baraza zima liliangua kicheko. Hata mwenye vitumbua alijificha uso kwa kapulana, ila aliufunua mapema kuliko wengine.

"Na hii itatoka kwenye prova?" akauliza binti mmoja aliyewahi kwenda shule, anayeogopa mtihani hata pasipo mtihani. Nikamwambia haitatoka.

Nilikuwa nimebakiwa na -nge-. Nikaandika Nzi wangetua, nikasita, maana -nge- haipendi kusimama peke yake. Hudai sababu iliyozuia. Nikageuka.

"Wangetua, lakini?"

"Lakini vimekwisha," akasema mwenye vitumbua.

Nikamwomba aisome yote. Akainuka, akaisoma taratibu, akimtazama wifi yake badala ya ubao: "Nzi wangetua, lakini vitumbua vimekwisha."

"Basi mimi niwekee vya kesho," akasema mama wa nyuma. Mwingine akadakia kwamba vya kesho ni vyake, alishawaza tangu jana.

"Ngojeni kwanza," akasema wifi. "Nani alisema sivitaki? Mimi nimesema nafikiria. Mwalimu, nafikiria ni wakati gani?"

"Uliopo, mama. Kitendo hakijakamilika."

"Umesikia, wifi? Hakijakamilika. Ijumaa niletee."

"Midomoni mwako kila kitu kipo. Niandikie."

Wifi akatoa simu. Aliandika kwa kidole kimoja huku baraza zima likimtajia herufi, kila mtu yake, nami nikikatazwa kusema. Kisha simu nyingine ikalia kwenye pindo la kapulana ya mwenye vitumbua. Hakunipa nimsomee. Aliisoma mwenyewe, midomo ikitembea, akairudia, halafu akamwambia wifi yake kwamba herufi moja imezidi, lakini Ijumaa atavileta vikiwa moto.