Karatasi za Shangazi Hazikuchukuliwa na Mto

Juzi binti mmoja alikuja Kidete kutoka Morogoro. Anakusanya maandishi ya marehemu shangazi yangu, barua na visa vyake, atoe kitabu. Nikampeleka kwa baba mkubwa, kaka wa marehemu. Nikamwamkia, akaitikia. Alipoulizwa karatasi ziko wapi akasema zilikwenda na mafuriko ya mto Mkondoa.

Sikiliza, ndugu yangu. Mafuriko yale mimi niliponea juu ya paa, najua yalichochukua. Yalichukua mbuzi, yakamchukua mama yangu. Karatasi hayakuchukua.

Baada ya hapo alinilea shangazi, kule juu ng'ambo ya reli. Jioni tulipukuchua mahindi, magunzi tunayasukumia jikoni, moshi unatutoa machozi, naye anatusomea alichoandika mchana. Wanawake waliokuja kuandikiwa barua kwa waume zao walisahau kurudi kupika. Katika visa vyake hakumwacha mtu. Hata kaka yake, huyu baba mkubwa, shangazi alimwandika kwamba kila asubuhi ananoa panga, ila nyasi zimeshamzoea, hazishtuki. Kijiji kikacheka masika mpaka kiangazi. Baba mkubwa hakucheka.

Shangazi alipofariki, siku ya arobaini wakagawana vitu vyake. Khanga zikaenda kwa mawifi, sufuria kwa binamu. Sanduku la karatasi halikupata mwenyewe. Baba mkubwa akalibeba kichwani, akawagawia wauza karanga wa stesheni. Nilimfuata nyuma nikilia. Treni iliposimama wakakunja karatasi, wakajaza karanga za moto, wakapitisha madirishani. Abiria wakala, wakatupa. Shangazi yangu ametapakaa porini kandokando ya reli, huko njia ya Dodoma.

Basi juzi nikasema mbele ya mgeni, "Baba mkubwa, maji hayakufika kwa shangazi. Ulizigawa wewe."

"Ulikuwa mtoto wewe," akasema. Akaangalia chini. "Tena waliponicheka, ulikuwa unacheka nao."

Ni kweli nilicheka. Lakini mama yangu alibebwa na mto ule, sitaki usingiziwe kuchukua na karatasi.

Binti akaniomba basi nimwambie ninayoyakumbuka. Mimi shule niliishia la tatu, nina yale tu yaliyobaki sikioni. Shangazi alikuwa na tabia moja: akikaribia penye kuchekesha, hucheka kwanza mwenyewe, karatasi inamtikisika mkononi, sisi tunangoja. Kicheko hicho ninacho mpaka leo. Alichokuwa anakichekea, kingi sina.