Madina, Mpeleka Habari za Teruhiko

Madina Wako huuza maziwa Garsen, na ndiye mhakiki bora wa katuni za Kijapani ninayemjua. Nilisoma fasihi chuo kikuu na nikasikiliza wahakiki wengi wenye sauti nzito, lakini hakuna aliyenifanya niache chai ipoe mkononi kama afanyavyo Madina.

Kila asubuhi huja mjini kutoka kijiji chao cha wafugaji kilichoko upande wa nyanda, amekaa nyuma ya bodaboda, vibuyu na madumu ya maziwa yamemzunguka hata dereva haonekani. Mama yangu, mwenye mkahawa karibu na soko, ndiye mteja wake wa kwanza. Maziwa yakiisha, wenzake hununua sukari na majani ya chai wakarudi kwao. Madina yeye huvuka barabara hadi kibanda cha Changawa.

Changawa ni Mgiriama aliyekuja hapa kuuza miwa, akabaki kuchaji simu za watu na kuonyesha video. Hupakua vipindi akienda Malindi, kisha huketi kando ya televisheni na kipaza sauti, akiyageuza kuwa Kiswahili maneno ya Kiingereza yanayopita chini ya picha. Waendesha bodaboda hujaza viti vya nyuma. Kiti cha mbele, karibu na feni, ni cha Madina, na hakuna mtu anayekikalia hata akichelewa.

Mwaka huu wote kipindi kilichopendwa kilikuwa *Mikono ya Maji*. Teruhiko, karani kijana katika ofisi ya maji ya mji fulani, anagundua kwamba anaweza kuuinua mto kwa mikono mitupu. Mafuriko yakija, hunyanyua maji juu ya mapaa ya nyumba kama mtu anayenyanyua shuka, akayaweka penye nafasi. Lakini kila anapofanya hivyo, baridi humwingia mwilini na haitoki tena. Ilianza vidoleni, ikapanda mikononi. Usiku humpigia simu mama yake aliye kijijini, na mama humuuliza kama amevaa vizuri, naye hujibu, "Nina joto, mama." Adui yake ni Mwanamke wa Chumvi, ambaye kila tone analoligusa hugeuka chumvi. Sisi tunaoishi kando ya Tana hatukuhitaji kuelezwa mafuriko ni nini. "Huyu angekuja kwetu mwezi wa nne," Thoya wa bodaboda alisema siku ya kwanza, "angepewa mke bure."

Madina hakuwa akitazama peke yake. Alikuja na Ruwaida, mke wa mdogo wake, msichana mcheshi aliyekuwa akimtukana adui kwa sauti mpaka Changawa anasimamisha picha. Kisha Ruwaida akajifungua mtoto wa kike, na kwa desturi akakaa ndani arobaini yake. Siku ya pili tu alimtuma mtu kwa Madina: "Mwambie wifi, mtoto ni mzima, mimi ni mzima, Teruhiko je?"

Hapo ndipo uhakiki wa Madina ulipoanza. Nilimsikia kwa mara ya kwanza nilipokwenda kumpongeza mzazi. Ruwaida alikuwa amelala kwenye mikeka, mtoto kifuani. Mlangoni alikaa bi Abdia, mamaye Madina na mkwewe Ruwaida, akisuka mkeka na kujifanya hasikii.

Kwa Waorma, watu wa Madina, anayetoka safari huulizwa habari, na habari ina mpangilio wake. Huanza kwa nagaa, yaani amani, hata kama nyumba imeungua. Kisha mvua, kisha nyasi, kisha mifugo, na watu huja mwisho. Madina hakujua njia nyingine ya kusimulia jambo lolote, wala hakuitafuta.

"Nagaa?" Ruwaida aliuliza.

"Nagaa."

"Mvua?"

"Imenyesha. Si ya kawaida, imeinama kama imesukumwa. Wamechora vizuri hawa. Hata harufu utaisikia."

"Nyasi?"

"Hakuna. Mji mzima saruji. Mimi nashangaa hao watu wanakula nini."

"Mifugo?"

"Ng'ombe mmoja, amepita dirishani kwenye treni. Mweusi na mweupe, amenona, kiwele kimejaa, na hana mchungaji!"

"Hana mchungaji?" bi Abdia akadakia kutoka mlangoni, kisha akakohoa na kurudi kwenye ukindu wake.

Watu ndio waliochukua muda. Madina alipima kila mmoja. Teruhiko alimsifu kwa kazi na kumkosoa kwa simu: "Anamdanganya mama yake kila usiku. Mkono umekuwa barafu, anasema ana joto. Hilo sikulipenda." Kuhusu Mwanamke wa Chumvi hakukubaliana na kibanda kizima. "Chumvi si adui. Ng'ombe asiyelamba chumvi ana faida gani? Mwenye katuni hii hajafuga. Yule mwanamke ana kitu kizuri, amekosa tu mtu wa kumwonyesha pa kukiweka."

"Wifi, amemgeuza polisi kuwa chumvi!"

"Polisi alimwanza."

Ikawa hivyo kila kipindi kilipotoka. Ruwaida alisema habari za Madina zilikuwa bora kuliko televisheni, kwa sababu televisheni huwezi kuirudisha kwa swali.

Kipindi cha kabla ya mwisho kiliishia pabaya. Bwawa kubwa la juu ya mji lilikuwa limepata ufa, na baridi ilikuwa imefika kifuani mwa Teruhiko. Changawa alizima televisheni akakaa kimya, naye si mtu wa kunyamaza. Alikuwa ameshapakua cha mwisho na kukitazama.

"Mama Nuh," akamwita Madina kwa jina la mwanawe wa kwanza, "kesho kutwa uje na mtandio mzito."

"Wa nini?"

"Wa machozi. Sisemi zaidi."

Madina aliingia mkahawani kwetu akakaa bila kuagiza chai. Nilidhani dumu limepasuka.

"Joy," akaniambia, "atakufa yule."

"Labda hatakufa, dada."

"Atakufa. Changawa hawezi kuficha uso. Sasa mimi nitampelekea nini Ruwaida?"

Sikuona tatizo mpaka aliponieleza. Kwao habari ya kifo haingii nyumba ya mzazi kabla ya arobaini. Wanasema maziwa hukauka na moyo huingiwa na hofu. Hata mtu wa ukoo akizikwa, mzazi huambiwa baadaye, baada ya kukalishwa na kunyweshwa kitu. Bi Abdia alikuwa mkali sana juu ya hilo, kwani Ruwaida alikuwa amepoteza mimba moja kabla ya huyu mtoto, na nyumba nzima ilikuwa ikitembea karibu naye kwa vidole vya miguu.

Changawa alikuwa amemfuata, akasikia. "Mwambie ameshinda, akaoa, akapata watoto."

"Nimwongopee?"

"Mama Nuh, ni katuni!"

"Habari ni habari." Akanigeukia mimi. "Alikuwako mjomba wetu mmoja. Aliulizwa nyasi, akasema ziko, akionea aibu kusema kwamba hakufika. Watu wakahamisha ng'ombe kwenda huko, wakakuta vumbi. Aliishi mpaka akazeeka, Joy, na hakuna mtu aliyemuuliza tena habari. Akirudi safari wanampa maziwa, wanamuuliza ndugu yake. Unajua uchungu wake?"

"Basi mwambie yote, ufiche mwisho tu," nikasema.

"Nikifika kwenye swali la watu nikanyamaza, si amejua? Yeye si mjinga."

Kudanganya hakuweza, kusema hakuruhusiwa, na kunyamaza kulikuwa sawa na kusema. Nami nilimjua vya kutosha kuona kwamba lililomuuma zaidi halikuwa Teruhiko. Ruwaida, ndani ya nyumba ile, alikuwa akiishi kwa kungoja mlio wa bodaboda yake.

Siku ya kipindi cha mwisho kibanda kilijaa hata watu wakasimama nje. Madina alifika mapema. Alikitazama kiti chake karibu na feni, akakipangusa kwa kiganja, kisha akamwita Florence, muuza samaki kutoka Ngao. "Kaa wewe."

"Na wewe?"

"Mimi leo sitazami."

Kibanda kilipiga kelele. Thoya akauliza kama ameokoka. Madina alitoka, akavuka barabara, akakaa kwenye benchi la mkahawa wetu akiipa televisheni mgongo, akajifunga mtandio masikioni mara mbili kama mwenye jino. Kipaza sauti cha Changawa kilipovuma, aliyaziba pia kwa vidole. Nilimwona akitikisa mguu. Mara moja watu wote walipiga ukelele kwa pamoja, naye akanyanyuka nusu, akakaa tena.

"Dada, nenda tu utazame," nikamwambia kwa ishara.

"Sikusikii!" akajibu kwa sauti ya kuamsha soko.

Walipotoka, Florence alikuwa akipangusa macho kwa kanga. Thoya alifungua mdomo.

"Usiseme!" Madina akamwelekezea kidole. "Neno moja tu, na maziwa yangu hunywi tena, na chai yako ukainywe kwa maji ya mto."

Tangu hapo mji ukaingia kwenye njama. Mazungumzo yalikatika alipopita. Guyo, dereva aliyemrudisha nyumbani na ambaye alitazama kipindi chote, aliamriwa aimbe njia nzima asije akateleza ulimi. Aliimba kaswida, akaimba wimbo wa shule, zikamwishia, akaanza kutaja majina ya vituo kama utingo.

Nilipanda bodaboda ya nyuma yao, kwani nilitaka kuona atakavyopokewa. Ruwaida alikuwa ameshajiinua kwenye mto, mtoto amenyonyeshwa, kila kitu tayari.

"Nagaa?"

"Nagaa."

"Mvua?"

"Sijui."

"Hujui mvua? Nyasi?"

"Sijui."

"Wifi, una homa?"

"Sikutazama," Madina akasema, akikunjua mtandio masikioni. "Nimekaa nje. Sina habari yoyote ya Teruhiko, na hakuna mtu Garsen atakayenipa. Arobaini yako ikiisha tutakwenda sote wawili."

Ruwaida alimtazama Madina, akamtazama mtoto, na nikaona uso wake ukielewa kidogo kidogo. "Ulidhani ni mabaya."

"Nimekwambia sina habari."

"Kiti chako je?"

"Nilimpa Florence."

"Kile cha feni? Ukakaa nje, umeziba masikio?"

"Kwa vidole viwili na mtandio."

Ruwaida akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, mtoto akatikisika na kufumbua macho, na katikati ya kicheko akauvuta mkono wa Madina akaubana shavuni pake. Hakusema asante. Alisema, "Wewe ni punda, wifi. Wallahi ni punda," na Madina akajibu kwamba punda ndiye anayebeba maji.

Mlangoni, bi Abdia alikuwa ameuacha mkeka. "Kwa hiyo," akasema kwa hasira ambayo hakuna aliyeitarajia, "katika watu wote waliotoka nyumba hii kwenda mjini, hakuna hata mmoja aliyejua yule kijana amefikia wapi?"

Arobaini iliisha. Ruwaida alikogeshwa, akafukizwa, akavalishwa kanga mpya, na kituo chake cha kwanza kikawa kibanda cha Changawa. Watu waliokwisha kutazama walirudi, na nadhani hawakuja kwa ajili ya televisheni. Walizitazama nyuso mbili zilizobanana karibu na feni, na mtoto katikati.

Bwawa lilivunjika. Teruhiko aliinua maji yote, na baridi ikaanza kumgandisha hapo aliposimama. Ndipo Mwanamke wa Chumvi alipokuja, akaingiza mikono yake katika yale maji, na maji ya chumvi hayagandi upesi. Akampa muda wa kuyatua penye nafasi, mji ukapona. Teruhiko mwenyewe hakupona. Alikufa ameshikwa mikono na mtu aliyemwita adui.

"Nilisema," Madina akanong'ona huku machozi yakimtoka. "Nilisema chumvi si adui."

Ruwaida alilia kwa raha, kama mtu aliyekuwa na deni la kilio. Mtoto alinyonya muda wote.

Jioni walipofika nyumbani, bi Abdia alikuwa mlangoni na mkeka wake.

"Nagaa?"

"Nagaa," wakajibu pamoja.

"Mvua?"

"Imenyesha mwanzo mpaka mwisho," akasema Madina.

"Nyasi?"

"Safari hii zimeota, mama. Ukingoni mwa mto, mwishoni kabisa."

"Mifugo?"

"Hakuna."

"Watu?"

Madina alimtazama Ruwaida. Ruwaida akasema taratibu, "Mama, kaa kwanza."

"Nimekaa tangu asubuhi. Semeni."

Wakamwambia. Kikongwe aliweka ukindu chini, akasema maneno yasemwayo Mwislamu anaposikia kifo, yote, bila kuruka.

"Mama, ni katuni," Ruwaida akasema, akitaka kucheka na asithubutu.

"Najua ni katuni. Sijazeeka kiasi hicho." Akaokota ukindu, akautazama, akauweka tena. "Yule mama yake wa simu. Nani amempelekea habari?"

Kipindi hakikuonyesha. Kulikuwa na mto, nyasi, na majina ya wachoraji yakipanda, kisha mwisho.

Asubuhi iliyofuata Madina alimmiminia mama yangu maziwa, akavuka moja kwa moja kwa Changawa kabla ya kuuza yaliyobaki. Nilimsikia kutoka mkahawani.

"Kazi yote ni nzuri. Mvua nzuri, chumvi wameitendea haki. Lakini wameacha mama wa watu anangoja simu, na hawakumtuma mtu. Hilo ni kosa kubwa. Waandikie."

"Niwaandikie Wajapani?"

"Kwani hawasomi?"