Siku Nilipoinywesha Maji Ngazi ya Bibi

Siku moja ya likizo ya Julai naikumbuka, mwanangu, vizuri kuliko hesabu za jana, na mwalimu wangu atakuthibitishia hilo. Usicheke nikikuita mwanangu. Najua nina miaka kumi na saba, niko matriki, mwaka wa mwisho wa shule, na kitu pekee ninacholea ni chunusi. Lakini wewe uko gredi ya saba na umeanza kuwajibu wakubwa, kwa hiyo leo mzee ni mimi. Kaa chini.

Kwetu Bertrams, hapa Johannesburg, choo kiko uani. Kutoka mlango wa jikoni ulikuwa unashuka vidato viwili, virefu, na cha chini kilikuwa kimepasuka. Mimi nilikuwa naviruka vyote. Bibi, mama yake Mama, aliyetoka Tanga kuja kutibiwa nyonga, alihitaji watu wawili wa kumshusha, mmoja mbele na mmoja nyuma. Na Bibi ni mtu wa staha. Kuita watu kila anapobanwa kulimchoma moyo, basi akaacha kunywa chai. Baadaye akapunguza hata maji. Ukimuuliza anakwambia tumbo limejaa, huku midomo imemkauka.

Mama alipogundua hakupiga kelele. Alisema, "Jumapili najenga ngazi." Nikadhani mzaha, maana Mama anauza vitumbua. Kumbe miaka ile ya mwanzo tulipohamia huku alikuwa akiwauzia mafundi waliokarabati maghorofa mtaa wa Hillbrow, na mtu anayengoja mafundi wamalize kula ili achukue sahani zake huona mengi. Aliona, akauliza, akaweka kichwani. Miaka yote hiyo sikujua kuwa kile kichwa chenye mtandio kimebeba ufundi.

Matofali aliyaomba kwenye nyumba iliyobomolewa mtaa wa pili. Halafu akafanya jambo ambalo sijaona fundi mwingine akilifanya. Alimkalisha Bibi kitini, akamwambia anyanyue mguu aishie pale panapoanza kuuma, akasimamisha tofali kwa ubavu kando ya kisigino. Mguu uliishia kwenye kimo cha tofali hilo. "Basi kila kidato tofali moja," akasema. "Vidato vinne, vipana, mguu wa pili upate pa kupumzika." Hakuna pimamaji duniani inayopima hivyo.

Jumapili asubuhi aliloweka matofali kwenye ndoo ili yasinyonye maji ya saruji, akavuta kamba ya kunyooshea mstari, akachanganya mchanga na saruji. Mikono iliyozoea unga ilijua uzito bila kupima. Ukikata ule mchanganyiko kwa mwiko, haubomoki wala hautiririki. Papa Ilunga, fundi cherehani Mkongo tunayeishi naye ua mmoja, akatoa kichwa dirishani.

"Mama Idi, uko unajenga ao uko unapika bukari?"

"Napika ugali, Papa Ilunga. Lete meno."

Saa tisa alasiri kazi ilikuwa karibu kwisha, na Mama alikuwa na vitumbua vya watu wa harusi vya kupeleka. Akaniachia kujaza saruji kwenye viungo kati ya matofali ya kidato cha mwisho, na agizo moja. "Ukimaliza, funika kwa magunia, na juu yake lile blanketi nene. Bibi asikanyage mpaka nikague."

"Mama, tofali nalo linashikwa mafua?"

"Wewe funika."

Mwanangu, nilijiona najua. Nilishamwona mjomba Tanga akijenga, na kule adui wa saruji mbichi ni jua, inanyweshwa maji asubuhi na jioni. Nikachota ndoo, nikainywesha ngazi vizuri, nikajipongeza. Magunia nikayaacha pembeni, blanketi nikajifunika mimi nikitazama mpira. Mama akarudi jioni, amechoka, hata viatu hajavua.

"Umefunika?"

"Ndiyo, Mama."

Eish. Julai ya huku si Julai ya Tanga; ni kipupwe, na usiku maji huganda. Kulipopambazuka, Bibi aliamka kutawadha, akafungua mlango mwenyewe. Huenda aliona ngazi imekamilika, akafurahi. Akaweka fimbo juu ya kidato cha kwanza, tofali likateleza na fimbo ikaenda nalo. Nilipofika nilimkuta ameng'ang'ania fremu ya mlango kwa mikono miwili, mguu mmoja hewani, na ngazi yote nyeupe kwa barafu kama imenyunyiziwa chumvi.

Mama alimrudisha kitini kwanza. Kisha akachuchumaa, akabonyeza kiungo kwa kidole. Kikamwagika kama mchanga.

"Mume gani huyu," Bibi akasema, akihema, "anamjengea mkewe ngazi ya biskuti."

Bibi hunitania hivyo siku zote, na siku zote namjibu. Siku hiyo niliinama kuokota fimbo yake. Mama naye hakucheka.

"Jana nilikuuliza kitu, Idi."

"Ndiyo, Mama."

"Sikugombezi kwa barafu. Barafu hukuijua. Swali langu ulilielewa."

Basi. Ningeona afadhali kofi. Siku hiyo hakwenda mjini kuuza. Tulibomoa, nikakwangua kila tofali mpaka vidole vikachubuka, na jua lilipokolea tukapanga upya, safari hii mwiko mkononi mwangu naye akinielekeza kwa kidevu tu. Mapema alasiri tukafunika kwa magunia, kisha blanketi langu la kitandani, na juu yake la kwake. Siku tatu Mama alilala na koti lake la sokoni, na kila jioni alifunika tena kwa mkono wake, akichomeka pembe kama anayemlaza mtoto. Sijawahi kumwona mtu akiheshimu kazi kiasi kile.

Siku ya nne akakagua, akagonga, akasimama juu yake na kurukaruka. Bibi akaja mlangoni na fimbo.

"Geukeni," akasema.

Tukageuka sote. Papa Ilunga dirishani akageukia cherehani yake. Tukasikia fimbo ikigonga, mguu, mguu mwingine, kisha kimya cha kupumzika, mara nne. Halafu mlango wa choo ukafungwa. Mama alikuwa ameuma pembe ya mtandio wake.

Sasa nikuambie wazi, mwanangu. Kutojua si kosa, hata mimi mzee kuna mambo mawili matatu siyajui. Lakini anayekuuliza kama kazi imekwisha ana sababu. Kuna mtu nyuma yake atakayekanyaga ulipojenga wewe. Kama haijaisha, sema bado. Utaonekana mvivu, utagombezwa, na jua litazama kama kawaida. Na ukimwona mama yako anafanya jambo usilojua kuwa analiweza, acha utani kidogo, shika ndoo, uliza.

Mungu akupe mikono inayotii na ulimi usioitangulia kazi. Akuwekee mama yako mpaka uwe na mvi umkoseshe usingizi kwa furaha badala ya wasiwasi. Na chochote utakachojenga, hata kiwe banda la kuku, akijalie kiwabebe watu hata usipokuwepo kukishikilia. Sema amina.