Mimi na Mama Mkwe Juu ya Nairobi

Samaki wa kwanza niliyemla maishani nilimla Masinga, na hakukaa tumboni hata dakika tano. Maji yalikuwa yameanza kujaa bwawani na sisi vibarua tulikuwa bado tunapanga mawe ukingoni. Msimamizi wetu alikuwa mtu wa kutoka ziwani. Siku moja akakaanga samaki akatugawia, akisema ni mjinga tu anayekaa kando ya maji mengi hivyo na kula mahindi na maharagwe kila siku. Sisi watu wa milimani samaki tulikuwa tukimhesabu kama nyoka, lakini sikutaka kuonekana mjinga. Nikameza, mifupa na yote, kisha nikakimbilia nyuma ya lori.

Msichana aliyekuwa akituuzia uji alinifuata huko na kikombe cha maji. Alikuwa akicheka mpaka maji yanamwagika. Akaniambia, "Huyo alikuwa amekufa tayari, kaka. Mbona ulipigana naye?"

Huyo ndiye mke wangu. Tumekaa pamoja miaka arobaini na kitu, na samaki hajawahi kuingia nyumbani kwetu.

Watu husema mimi nikianza hadithi nazunguka sana. Ni kweli. Shule niliachia darasa la tatu, na mtu ambaye hakusoma hajui njia za mkato, anapita ile barabara anayoijua. Nilikuwa naelekea hapa: yule msichana wa uji alikuwa na mama.

Nyumba ya huyo mama iko mgongoni mwa kilima, upande wa Muthetheni. Sasa kwetu Ukambani kuna kitu kinaitwa nthoni. Ukitafsiri ni aibu, lakini si aibu ya mwizi. Ni heshima iliyo kati ya mtu na mama mkwe wake. Hamwangaliani usoni. Hamketi pamoja, hamli pamoja, hampeani mkono. Mkikutana njiani, wewe mwanamume unatoka njia, unaingia hata kwenye miba, yeye apite. Kama kuna neno la kusema, linapitia kwa mtu mwingine. Vijana wa siku hizi wanapiga picha na mama mkwe wamekumbatiana, na sijaona radi ikiwapiga. Lakini sisi tulilelewa hivyo, na mkongwe huyu alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko wazee wote.

Nilioa bintiye bado sijauona uso wake vizuri. Mara ya kwanza kukutana naye njiani alikuwa amebeba mtungi mgongoni, na mimi nikaruka ua wa mkonge kama mbuzi anayefukuzwa. Kovu liko hapa gotini. Mara nyingine alikuja kumwona mke wangu amejifungua, akaketi mlangoni akichambua mbaazi, na mimi nilikuwa ndani ya ghala nikipima mahindi. Mlango wa ghala unatazamana na ule wa nyumba. Nilikaa humo tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, nikatafuna mahindi makavu. Nakumbuka alikuwa anaimba, na sauti yake ilikuwa nzuri. Nilimjua kwa sauti na kwa mgongo, basi.

Na yeye aliniita "mtu wa mama yako." Ndivyo alivyowaambia watoto wetu. Mtu wa mama yenu ameshavuna? Mtu wa mama yenu amepona kifua? Jina langu halijawahi kupita mdomoni mwake.

Sasa nije kwa helikopta.

Binti yetu wa tatu anafanya kazi Nairobi, kwa watu wanaokodisha helikopta kwa matajiri. Yeye harushi kitu, anapokea simu na kupanga safari. Lakini kazini kwao mfanyakazi akimaliza miaka fulani anapewa safari moja ya usiku, kuwazungusha watu wake juu ya mji waone taa. Wenzake wamewapeleka wachumba. Yeye akasema atampeleka nyanya yake, yaani mama mkwe wangu, ambaye sisi sote nyumbani tunamwita Susu.

Kulikuwa na sababu. Kutoka uani kwa Susu, usiku usio na mawingu, unaona upande wa machweo mwanga fulani mwekundu chini ya mbingu, kama moto wa nyika ulio mbali. Ni Nairobi. Ameutazama huo mwanga tangu ulipokuwa mdogo mpaka ukawa mkubwa, na maisha yake yote alikuwa akiuliza kinachowaka huko ni nini. Unamwambia ni taa. Anasema, taa namna gani zinazofika mpaka huku? Aliwahi kwenda Nairobi mara mbili, kwa matanga, mchana, akarudi mchana. Halafu akapata presha ya macho. Daktari wa Machakos alituambia kile kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitaisha upesi. Alikuwa amebaki anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwa tundu la ufunguo. Ukisimama kandoni hakuoni. Kwa hivyo ilikuwa sasa au basi.

Mpango ulikuwa hivi. Helikopta ije itue uwanja wa hoteli moja nje ya mji wa Machakos jioni. Nyuma aketi Susu na mke wangu, mbele binti yangu na rubani. Mimi kazi yangu ilikuwa kubaki chini na kunywa chai ya hoteli, na sikuwa na malalamiko.

Ilipotua, mke wangu alitazama jinsi nyasi ilivyolala na kofia ya askari wa geti ilivyoruka mpaka kwenye ua, akaanza kurudi nyuma. Tulimsihi. Alisema, "Mimi nilizaliwa chini na nitazikwa chini. Hapo katikati sina kazi huko juu." Ukimjua mke wangu unajua huo ndio mwisho.

Basi binti yangu akanitazama. Nikamwambia asinitazame. Nikauliza kwa nini yeye asiketi nyuma na nyanya yake na mimi nikae mbele. Rubani, kijana mpole wa Nairobi, akaeleza kwamba kiti cha mbele kiko na usukani wa pili na pedali miguuni, na mtu ambaye hakufunzwa kutogusa, kama binti yangu alivyofunzwa, akikanyaga pale usiku, hatutafika tunakoenda. Nikauliza kama Susu hawezi kukaa nyuma peke yake. Hawezi, akasema, bibi wa karibu miaka tisini lazima awe na mtu kando yake. Nikawaonyesha yule askari wa geti. Askari akaanza kuvua kofia, alikuwa tayari kabisa. Rubani akasema watu wanaoruka ni wale ambao majina yao yaliandikwa, na langu liliandikwa kama akiba.

Susu alikuwa ndani ya gari wakati huo wote, mlango umefungwa, mimi nikiwa nyuma ya gari ninavyopaswa kuwa. Nilisikia sauti yake ikimuuliza binti yangu:

"Mtu wa mama yako anasemaje?"

"Anaona nthoni, Susu."

"Hata mimi. Lakini mwambie macho hayangoji."

Mke wangu ndiye aliyepata njia. Alifungua leso kiunoni akampa mama yake. Susu akaingizwa kwanza, upande wa kushoto, akafungwa mikanda, akainua ile leso kwa mkono wa kulia kama ukuta. Kisha mimi nikapanda upande wa kulia, nimegeuza uso, bega langu nimelibana mlangoni. Kati yetu kulikuwa na nafasi ya kuweka debe moja na leso ya maua ya njano. Tukavishwa masikioni vile vitu vikubwa kama vibakuli, vya kuzuia kelele na kuzungumzia. Rubani aliniuliza kama niko sawa. Nikamwambia sijawahi kuwa sawa hivi.

Kupaa si vile nilivyofikiri. Nilifikiri ni kurushwa, kumbe ni kuinuliwa taratibu, kama mtoto anayetolewa kitandani bila kuamshwa. Taa za Machakos zikashuka chini yetu, mji wote ukatosha kwenye ungo. Nilitafuta kilima cha Kiima Kimwe nikaona mahali tu ambapo hakuna taa. Halafu Katelembo, taa moja moja, za watu wanaokula. Niliogopa kidogo nikaacha. Kelele ile ukiizoea inakuwa kama mvua kwenye mabati.

Susu aliuliza maswali yake kupitia binti yangu, na mimi nikajibu kupitia binti yangu, ingawa sote watatu tulisikia kila kitu ndani ya vibakuli.

"Muulize mtu wa mama yako kule chini ni wapi."

"Mwambie nyanya yako hapo ni karibu na Mto Athi, penye viwanda."

Binti yangu akasema hana haja ya kurudia, lakini tukamfanya arudie. Rubani aliuliza kama hawa wazee wamekosana. Binti yangu akamwambia hapana, hivi ndivyo wanavyopatana.

Tulipokaribia Nairobi rubani akasema sasa lazima tunyamaze, anaongea na watu wa uwanja wa ndege, na wamempa ruhusa ya kupita mara moja tu kisha ageuke. Mji utakuwa upande wa kushoto. Upande wa Susu. Upande wangu ulikuwa nyika tupu.

Na ukaja. Siwezi kuueleza. Nilikuwa nimejiambia sitaangalia upande ule, lakini ndani mote mliangaza mpaka nikaona mishipa ya mikono yangu. Nikageuka kidogo tu, niibe. Ile leso ilikuwa bado imeinuliwa, mkono wa mkongwe umeanza kushuka kwa kuchoka, na juu ya leso niliona kichwa chake. Alikuwa ameangalia mbele, mgongo wa kiti cha rubani. Alikuwa akingoja mji utokee huko, kwa lile tundu lake la ufunguo, na mji ulikuwa kandoni mwake, unapita.

Aliuliza kwa sauti ndogo, "Bado?"

Rubani alikuwa akiongea na wenzake. Binti yangu aligeuka nusu, mikanda ikamrudisha, akanionyesha kwa mkono: mgeuze. Dakika zilikuwa zinaisha. Mimi ni mtu aliyeruka mkonge kwa ajili ya huyu mama.

Nikaishusha leso. Haikuwa na nguvu, ilianguka yenyewe. Nikamshika kidevu kwa vidole viwili, nikamgeuza uso polepole mpaka ukakutana na dirisha. Ngozi yake ilikuwa baridi na laini sana. Alishtuka, halafu akatulia, kwa sababu alikuwa ameona.

Alishika dirisha kwa mikono miwili. Nikainua kibakuli cha sikio lake nikasema hapo hapo sikioni, bila kupitia kwa mtu:

"Ule mstari mrefu ni barabara ya Mombasa. Taa nyekundu ni magari yanayoenda, nyeupe yanarudi."

"Wanaenda wapi saa hizi?"

"Nyumbani, nafikiri."

"Wote hao?"

"Wote, mwaitu." Mwaitu ni mama yangu. Lilitoka tu.

Nikamgeuza kidogo tena kuelekea zile nyumba ndefu zenye madirisha yanayowaka moja juu ya jingine, akazihesabu kwa mdomo bila sauti. Helikopta ilipoanza kugeuka akauliza kwake ni upande gani. Nikamwonyesha giza lote lile la mashariki.

"Kutoka hapa wanatuona?"

"Hapana."

"Vizuri," akasema. "Choo changu bado hakina mlango."

Tukarudi. Kabla ya Machakos aliiokota leso miguuni mwake akajifunika kichwa na uso wote. Tulipotua rubani akasema tukae mpaka mapanga ya juu yasimame. Binti yangu aligeuka akatutazama, akasema kwa utani, "Baba, hapo sasa ni mbuzi."

Maana iko njia ya kumaliza nthoni. Unaleta mbuzi na blanketi, mbuzi anachinjwa, na tangu siku hiyo unaketi na mama mkwe wako, unakula naye, unacheka naye. Sikuwahi kuleta. Mwanzoni sikuwa na mbuzi, na baadaye nilikuwa nimezoea kujificha. Lakini usiku ule nilitaka. Nikamwambia binti yangu amwambie nyanya yake kwamba Jumamosi nitaleta.

Susu akaongea kutoka ndani ya leso, kwa binti yangu, kama zamani.

"Mwambie mtu wa mama yako nimeona. Nimeona mpaka nimeshiba, na ni yeye aliyenionyesha. Lakini mbuzi asilete. Akileta ataketi kwangu. Na haya macho yakizima, nitakuwa napapasa sahani kwa mkono, na yeye ananiangalia. Sitaki anione hivyo. Akae mbali vile amekaa. Hiyo ndiyo heshima anayoweza kunipa sasa."

Binti yangu akanitazama, hakurudia. Nilikuwa nimesikia.

Mapanga yalisimama. Nikafungua mlango wa upande wangu, nikashuka, nikapita kwenye nyasi kuelekea getini ili ateremshwe bila mimi kuona. Sikugeuka, na mbele yake sikurudi tena.